Ndoo Moja, Mashahidi Mtaa Mzima

Kipindi cha mgao wa maji hapa Dar es Salaam, gari safi ni kesi. Ukipita mtaani linang'aa, watu hawakusifu, wanapiga hesabu: huyu ana simtanki la lita ngapi, pampu yake inavuta saa ngapi, na kwa nini juzi alituambia kwake hata ya kunawa hakuna. Wenye akili wanaacha magari yao yavae vumbi mpaka watoto wanaandika NIOSHE kwa kidole kwenye kioo cha nyuma, na wanayaendesha hivyo hivyo kwenda kazini, kidevu juu, raia wema wanaobana matumizi. Mimi akili hiyo sikujaliwa. Nikiona vumbi limelala juu ya boneti, na mimi sipati usingizi.

Nakaa Kimara. Kwa asiyelijua jiji hili, maji yetu mengi yanatoka Mto Ruvu, unaopata maji yake milima ya Uluguru kule Morogoro na kumwaga baharini karibu na Bagamoyo. Kuna mitambo miwili mikubwa, Ruvu Juu na Ruvu Chini, na maji ya Ruvu Juu yanasukumwa hadi kwenye matenki makubwa ya Kibamba na Kimara kabla ya kugawiwa. Yaani Kimara ndiko maji yanakopumzikia safari. Mgeni akisikia hivyo anadhani sisi tunaogelea. Ukweli ni kwamba kukaa jirani na tenki la maji ni sawa na kukaa jirani na benki: jengo unaliona, walinzi mnasalimiana, lakini pesa huzijui rangi yake.

Mvua zikichelewa, Ruvu inanyong'onyea, na jiji zima linanyong'onyea nayo. Oktoba 2022 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa, Amos Makalla, alitangaza mgao baada ya uzalishaji kushuka kutoka lita milioni 466 hadi milioni 300 kwa siku. Tangu wakati huo kila jua likizidi kidogo tunaanza kuangaliana. Ratiba inatoka. Na ratiba zetu ni nzuri, tusiseme uongo: zimepangwa eneo kwa eneo, siku kwa siku, saa kwa saa, tena zina nembo juu. Ninayo kwenye simu. Tatizo ni kwamba bomba langu halina simu.

Maji ya zamu yetu yakija, yanakuja usiku wa manane. Kwanza bomba linakohoa. Halafu linapiga mluzi. Halafu linatema upepo mrefu, mkavu, wenye harufu ya kutu, na huku mita inazunguka kwa bidii ambayo sijawahi kuiona maji yakitoka. Upepo huo tunaulipia. Mwisho yanadondoka maji rangi ya chai ya rangi, na nyumba nzima inaamka: ndoo, madumu, beseni la kumwogeshea mtoto, na lile sufuria kubwa la shughuli ambalo tuliliazima kwa shangazi na kila mgao linazidi kuwa letu.

Katika nyumba yetu maji yana vyeo. Ya kwanza kabisa yanachemshwa, yanachujwa, ni ya kunywa, na hayo hayaguswi na mtu mwenye mikono mirefu. Yanafuata ya kupikia. Halafu ya kuogea, kopo zikihesabiwa. Ya kuoshea mboga yanamwagiliwa mchicha. Ya kufulia hayamwagwi, yanapiga deki, na yakishapiga deki yanastaafu chooni. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakukaa Kimara. Huku yanazoleka, yanachujwa kwa kitambaa na kupangiwa kazi nyingine.

Gari katika orodha hiyo halimo. Nilipouliza liwekwe nafasi ya ngapi, mama watoto, ambaye ndiye wizara ya maji ya nyumba hii, alinijibu bila kugeuza shingo:

"Baba watoto, gari linakunywa petroli. Maji tuachie sisi."

Nikamweleza kwamba jambo lenyewe si la urembo. Gari naliegesha chini ya mwembe, na kwenye mwembe wanakaa kunguru. Kunguru hawa si wenyeji. Asili yao ni India, na waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kwa kazi maalumu ya kula takataka za mji. Waliletwa kusafisha! Wakaongezeka, wakavuka bahari, wakafika Kimara, na sasa kila asubuhi wanasaini mahudhurio juu ya paa la IST yangu. Na ule uchafu wao una tindikali. Ukiuacha juani unakula rangi mpaka bati. Nikamwambia mama watoto kwamba kupaka rangi upya ni gharama kuliko boza la maji. Akanisikiliza vizuri. Akasema, "Basi hamisha gari."

Nitalihamishia wapi? Barabarani kuna bodaboda, upande wa pili kuna genge la nyanya, na kwa jirani kuna mbwa anayependa matairi.

Usifikiri sijatafuta njia nyingine. Kuna jirani ana kisima, na ni mkarimu, lakini maji yake ni ya chumvi. Sabuni ikiyaona inakataa kutoa povu. Unasugua, unasugua, inabaki utelezi tu. Halafu gari likikauka linatoka madoadoa meupe kila mahali, na kama lako ni jeusi kama langu, watu wanakuuliza umelinunua lini Bagamoyo na kwa nini uliliacha ufukweni. Hapo bado kutu, ambayo inaanzia chini ya milango, mahali ambapo fundi pekee ndiye ataiona, na ataiona siku ambayo huna hela.

Kuna vijana wa kuosha magari barabara kuu. Hao wana mashine ya presha, wana tenki limeinuliwa kwenye vyuma, na mgao ukianza bei yao inapanda. "Bosi, haya maji ya boza haya," anakwambia, huku amelielekeza lile bomba kwenye tairi moja muda wa kutosha kuogesha ukoo. Maji yanateremka mtaroni, yanapita mbele ya watu waliobeba ndoo tupu kichwani, na hakuna anayesema neno. Wanapita wanasalimia, "Kazi njema." Nimelitazama jambo hili kwa makini nikagundua kwamba katika jiji letu maji yaliyolipiwa kwa kijana wa presha hayana dhambi. Dhambi inaanzia kwenye ndoo ya nyumbani.

Mwisho wizara ililegeza msimamo. "Chukua ya kusuuzia nguo. Ya mwisho, siyo ya kwanza. Na yakiisha, yameisha, usije ukanigongea simtanki." Ndoo moja ya lita 20, yenye povu kidogo juu na kifungo cha shati la shule chini.

Sasa kuosha gari kwa ndoo moja ni ufundi, na kwa kuwa hakuna anayetoa cheti, acha niueleze hapa. Usianze kwa kufuta vumbi kavu. Vumbi kavu ni msasa, utachora gari zima mistari. Chukua chupa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu. Pasha sindano moto, toboa kifuniko matundu mengi madogo, jaza maji, funga, geuza, minya. Inatoka mvua nyembamba ya kulainisha vumbi bila kumwaga. Unaanza na paa, kila mara paa, kwa sababu tone lililopita juu ya paa litapita kwenye kioo, likitoka kwenye kioo litapita mlangoni, na likifika chini limeshafanya kazi ya watu watatu kwa mshahara mmoja. Tambara la kwanza liwe fulana ya kampeni za uchaguzi. Hakuna kitambaa kinachofuta vizuri kuliko hicho: picha ilishafutika, ahadi zilishafutika, imebaki pamba laini. Tambara la pili, kavu, linafuata nyuma mara moja kabla jua halijagandisha sabuni. Unamaliza kioo kwanza ndipo unahamia mlangoni. Rimu ni za mwisho, na hizo zinaoshwa kwa maji ambayo kwa wakati huo huwezi tena kuyaita maji mbele ya mtu mzima.

Ndoo moja. Gari zima. Nilitarajia nishani.

Nilichopata ni watazamaji. Walianza watoto, hao hawana shida, wanataka kuminya chupa. Akafuata jirani wa geti jeusi, ameshika mswaki mdomoni, kasimama ng'ambo.

"Jirani, habari za asubuhi? Naona kwako yametoka."

"Salama jirani. Hayajatoka. Haya ni ya kusuuzia nguo."

"Ahaa." Akatazama ndoo. Akatazama gari. Akatazama simtanki langu pale juu, akakadiria kwa jicho lipo nusu au robo. Akaingia ndani. Haukupita muda, mwanawe akaja na madumu mawili.

"Shikamoo. Baba anasema kwa kuwa kwenu yametoka, mtusaidie kidogo."

Nikamwonyesha mtoto ndoo yangu. Akachungulia, akaona kile kifungo, akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda, akarudi na madumu yake. Mama watoto alikuwa dirishani. Hakusema kitu. Alifunga pazia kwa namna fulani, waliooa wanaijua.

Kisha akaja mjumbe wetu, na fimbo yake, anatembea taratibu, mwendo wa mtu aliyeitwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo mzee. Karibu."

"Nimekaribia. Sasa mwanangu, wewe ni msomi, mimi sina la kukufundisha. Lakini kipindi hiki ni cha kusaidiana. Mto umekauka kule. Watu wananunua dumu. Na wewe umetoka hapa hadharani..."

Nikamwambia mzee, tafadhali, tazama. Akainama, akachovya kidole kwenye ndoo, akakinusa.

"Hii sabuni ya unga."

"Ndiyo mzee. Ni ya kusuuzia."

"Ya shule?"

"Ya shule, mzee."

Akafikiri. "Basi hapo huna kosa. Ila ungefunika."

"Nifunike gari, mzee?"

"Ndoo. Watu wanaona vibaya."

Hapo ndipo roho iliponiuma, na ndiyo sababu naandika. Kwa sababu pale mzee alipokuwa amesimama, ukinyoosha mkono wa kulia, hatua chache mbele, kuna bomba lililopasuka chini ya barabara. Maji yanatoka pale usiku na mchana, meupe, hayana povu, hayana kifungo. Yameshaotesha nyasi. Bata wa mtu wamehamia. Bodaboda wananawia miguu, na barabara imekatika kiasi kwamba Noah zinapita kwa kuinamia upande mmoja. Nilipiga simu kwa watu wa maji. Nilipokewa na dada mwenye sauti nzuri, akanishukuru kwa uzalendo, akanipa namba ya taarifa. Namba hiyo ninayo, ni ndefu, na nimeihifadhi pamoja na ratiba.

Nikapiga hesabu, maana hasira ikizidi mimi hupiga hesabu. Tuseme bomba lile linajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja, na hapo nalionea huruma. Kwa siku nzima ni ndoo 1,440, lita 28,800, karibu maboza matatu ya lita elfu kumi kumi. Mimi na chupa yangu ya matundu tunaosha gari moja kwa ndoo moja. Maana yake lile bomba kila siku linaosha magari 1,440 ambayo hayapo. Na sijawahi kumwona mtu amelisimamia na mswaki mdomoni akiliambia, "Naona kwako yametoka." Wala hakuna mjumbe aliyeenda kuliomba lijifunike. Lenyewe limejifunika kwa lami na nyasi, halina geti, halina mwenyewe, haliwezi kuona aibu. Mimi nina jina, nina geti, nina mke dirishani. Ni rahisi kunionya mimi.

Wenzetu nao waliwahi kubanwa. Uingereza, kiangazi cha 2022, mwaka ambao joto lao lilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, kampuni kadhaa za maji zilipiga marufuku kutumia mpira kumwagilia bustani na kuosha gari, faini hadi pauni 1,000. Lakini ndoo waliiruhusu. Nilipoisoma habari ile nilicheka peke yangu kwenye daladala. Wao wanakatazwa mpira na sheria. Sisi mpira tunakatazwa na maji yenyewe. Mpira wangu umetundikwa ukutani miaka, mjusi amezalia ndani, na hakuna ofisa atakayepoteza mafuta kuja kunikagua.

Cape Town, mwaka 2018, walibanwa zaidi. Kila mtu alipewa kikomo cha lita 50 kwa siku, kuoga, kupika, kufua, choo, vyote humo, na kuosha gari kwa maji ya bomba ikawa marufuku. Gari chafu likawa heshima, na tajiri na maskini wakapita barabarani na vumbi lile lile. Sina ugomvi na hilo. Sheria ikiwepo na ikitugusa wote, mimi wa kwanza kumwachia kunguru paa langu. Ninachokilalamikia ni kushtakiwa kwa sheria ambayo haipo, kwenye mahakama ya geti jeusi, na hakimu bado ana dawa ya meno mdomoni.

"Subiri mvua," ananiambia shemeji yangu, ambaye ana pikipiki. Mvua ya Dar es Salaam naijua. Ya kwanza ni manyunyu ya kuja kulitazama gari tu: inalowesha vumbi, inaligeuza matope, inaondoka, na inakuachia madoa ambayo ndoo moja haiyatoi. Ya pili haiji kuosha, inakuja kuhamisha. Mto Msimbazi unajaa, barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, na magari tunayaacha mjini tunarudi Kimara tunavyojua. Jiji hili kwenye maji halina kipimo cha kati: ama hakuna, ama yamefunga Jangwani. Tunaambiwa bwawa la Kidunda linalojengwa kule Morogoro litahifadhi lita bilioni 190, ili kiangazi kisitukute mikono mitupu tena. Naliombea dua likamilike. Katika hizo bilioni 190 mimi naomba ishirini tu, za Jumamosi, na sina haja wawe wameyachuja.

Kwa sasa nimeandika mapendekezo kwa serikali ya mtaa, karatasi moja, mwandiko wa kusomeka. La kwanza: atakayekamatwa akiosha gari kwa mpira wakati wa mgao, wake kwa waume, bila kujali geti lake rangi gani, alipe faini. La pili: mwenye ndoo moja aachwe, hasa kama ndoo ina povu la jana. La tatu, na hili nimelipigia mstari: kabla mtu hajamwonya jirani yake kwa ndoo, aonyeshe kwanza namba yake ya taarifa ya lile bomba la barabarani. Asiyekuwa nayo aende akapige simu, asubirie kwenye muziki mpaka dada apokee, ndipo arudi tuzungumze.

Mjumbe ameyapokea, ameyasoma, amesema ni mazuri, yana busara, na kwamba yataletwa kwenye kikao cha wakazi. Tarehe ilipangwa. Tulienda. Kikao kimeahirishwa hadi hali itakapotengemaa, kwa sababu choo cha ofisi ya mtaa hakina maji.